Robo Saa ya Karani wa Posta

Mara nyingi tukikutana na waalimu na makatekista wenzetu twasikia neno moja: "Nataka kuandika, lakini sina nafasi." Mmoja anataka kutunga mchezo wa sikukuu, mwingine nyimbo, mwingine anataka kuweka hadithi za wazee wake katika daftari. Ukiwauliza tena baada ya mwaka, daftari lingali jeupe. Sisi hatuwacheki, maana daftari letu pia lilikaa jeupe siku nyingi, na hasara yake tutaisema mbele.

Leo tunataka kupima kitabu kimoja kinachogusa ugonjwa huu. Mtungaji wake ni Mwingereza, Anthony Trollope, aliyezaliwa London mwaka 1815, akafa mwaka 1882. Kitabu ni habari za maisha yake mwenyewe. Alikiandika miaka ya 1875 na 1876, akamwachia mwanawe akitoe baada ya kufa kwake, nacho kikatoka mwaka 1883.

Mtu huyu alitunga hadithi ndefu 47, tusihesabu vitabu vyake vya safari na vinginevyo. Zinazojulikana zaidi ni zile za Barchester, mji alioubuni mwenyewe, zenye maaskofu na mapadri wa Kianglikana, wakigombea vyeo na kutaabishwa na dhamiri zao. Lakini usidhani kwamba alikuwa mtu wa kukaa nyumbani mchana kutwa. Tangu 1834 hata 1867 alikuwa mtumishi wa Posta. Alipanda farasi akakagua njia za wachukuzi wa barua, akasafiri mpaka Misri kwa kazi hiyo. Hata yale masanduku ya barua yasimamayo kando ya njia, ni yeye aliyeshauri yajaribiwe katika visiwa vya Jersey na Guernsey, na la kwanza likasimamishwa mwaka 1852. Basi, nafasi aliipata wapi?

Jibu lake ndilo lililokipa kitabu sifa, na aibu pia. Anasema alijiwekea sheria ya kuwa mezani kila siku saa kumi na moja na nusu ya alfajiri. Palikuwa na mtumishi mzee, kazi yake kumwamsha na kumletea kahawa. Kwa kazi hiyo alimwongezea pauni 5 kwa mwaka. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoandika jana. Kisha aliweka saa yake mbele ya macho, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Zilipotimia saa tatu aliweka kalamu chini, akavaa, akaenda kazini kama makarani wengine.

Tena alikuwa na daftari la hesabu. Alipoanza kitabu aliligawa kwa majuma, na kila siku akaandika idadi ya kurasa alizozimaliza. Ukurasa aliuhesabia maneno 250. Kwa kawaida alitoa kurasa 40 kwa juma, mara nyingine 20 tu, na mara moja zilifika 112. Siku ya uvivu ilibaki na pengo katika daftari, na pengo lile lilimkodolea macho mpaka alilipe. Katika gari la moshi aliandika kwa penseli juu ya kibao alichokiweka magotini. Mwaka 1858, akiwa merikebuni kwenda Misri, bahari ilichafuka. Zaidi ya mara moja aliacha karatasi mezani akakimbia kutapika, kisha akarudi kuandika. Na alipomaliza kitabu hicho, kesho yake akaanza kingine. Anajilinganisha na fundi wa viatu: akimaliza jozi moja hakai kuitazama, anakata ngozi ya jozi nyingine.

Waungwana wengi walipoyasoma hayo mwaka 1883 walichukizwa. Walisema: huyu si mtungaji, ni fundi tu, mtu hawezi kupimiwa maneno kama nguo kwa mita. Jina lake likashuka kwa miaka mingi. Kwa upande wa pili, wako watu leo wanaoifanya saa yake kuwa kama sheria ya Musa: amka alfajiri, hesabu maneno, nawe utakuwa mtungaji. Kwa maoni yetu pande zote mbili wamesoma sura moja na kuzifunga nyingine.

Tuisome basi sura ambayo watu huiruka. Trollope aliingia Posta ya London akiwa na miaka 19. Kwa muda wa miaka saba alikuwa karani mbaya: alichelewa kazini, alikopa, alichukiwa na mkubwa wake, naye alijichukia. Na katika miaka hiyo yote alijua anachotaka. Anaeleza kwamba tangu kutoka shuleni alijiambia kazi moja tu inamfaa, nayo ni kutunga hadithi. Siku baada ya siku alijilaumu kwa kutoanza, na kalamu hakuishika. Lakini kichwani mwake alikuwa akijenga hadithi. Tangu utoto alizoea kutembea na hadithi moja moyoni kwa majuma na miezi, akiiongeza na kuitengeneza. Ni mwaka 1841 tu, alipopelekwa kufanya kazi Irelandi, maisha yake yalipogeuka. Na mwaka 1843 ndipo alipoanza kitabu cha kwanza.

Hapa ndipo kitabu kinapotufundisha kuliko penye saa na kahawa. Tulizoea kufikiri kwamba mtu asiyeandika ni mvivu, au hapendi kazi hiyo. Kumbe karani huyu aliipenda mno. Hadithi iliyo kichwani haina kosa. Hakuna sentensi iliyopinda wala mtu wa kuicheka. Ukiiweka juu ya karatasi tu, makosa yanaanza kuonekana. Kwa hiyo mtu anaikimbia karatasi ili hadithi yake ibaki nzuri, na kukimbia huko anakuita "sina nafasi" au "nangoja moyo utulie". Lakini ngojangoja huumiza matumbo. Trollope alingoja miaka saba London, na nafasi aliyokuwa nayo kijana asiye na mke wala mtoto ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoipata baadaye akiwa baba mwenye kazi nyingi.

Saa yake, basi, twaiona kuwa dawa ya aibu ya miaka saba. Haikumpa hadithi. Yeye mwenyewe anasema wazi kwamba mtungaji lazima aishi na watu wake wa hadithi, awajue sauti na mwendo, alale nao na kuamka nao. Asiyefanya hivyo, maneno 250 yake ni makapi. Saa ilifanya jambo moja dogo: ilimkalisha. Mtu mwenye robo saa tu mbele yake hana wakati wa kujiuliza kama yeye ni mtungaji mkubwa au mdogo. Anauliza tu sentensi hii inaishaje.

Kuna tena mwalimu ambaye hakupewa heshima ya kutosha, naye ni mama yake, Frances Trollope. Mume wake alishindwa na mashamba na madeni, mpaka mwaka 1834 jamaa wakakimbilia Brugge, katika Ubelgiji. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1832, naye amekwisha kupita miaka hamsini. Kule Brugge mume alikuwa mgonjwa na mwana mmoja alikuwa akifa kwa kifua kikuu. Mama aliwauguza, na katikati ya dawa na mkesha alitunga hadithi za kuchekesha, maana ndizo zilizolisha nyumba. Baadaye pia alikuwa mezani saa kumi ya alfajiri, na kazi yake ilikwisha kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Mwanawe anahesabu kwamba aliacha juzuu 114. Twaona anayasimulia hayo kwa mapenzi, lakini hasemi waziwazi kwamba saa yake ya alfajiri ilitoka kwa mama. Sisi twaamini ilitoka huko.

Sasa tuseme makosa ya kitabu. La kwanza, fedha zimetiwa mbele mno. Ameandika hesabu ya kila kitabu na bei yake mpaka msomaji anachoka. Lakini katika hesabu hizo tumepata moja ya kutufariji: malipo ya kwanza anayoyahesabu kuwa aliyachuma kwa kalamu yalikuwa pauni 9, shilingi 8 na peni 8, nayo aliyapokea mwisho wa mwaka 1855, miaka kumi na miwili baada ya kuanza. La pili ni zito zaidi. Anazungumza kana kwamba kila mtu anaweza kufanya kama yeye kwa nguvu ya moyo tu. Lakini yeye alikuwa na mtu wa kumwamsha, taa safi, meza, na chumba chenye mlango. Katika nyumba zetu alfajiri ndiyo saa ya kuchota maji na kuwasha moto, na anayeamka kwanza ni mama wa nyumbani. Mume akikaa na daftari lake saa ile bila kuuliza nani anabeba ndoo, hiyo si juhudi. Kila mmoja atafute robo saa ambayo ni yake kweli.

Tusiseme pia kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Shaaban Robert wa Tanga, ambaye vitabu vyake husomwa popote lugha yetu inaposomwa, alikuwa karani wa forodha tangu 1926, akaendelea na ukarani wa serikali miaka mingi. Alikufa mwaka 1962, na utenzi wake mkubwa wa vita vya 1939 hata 1945 ulipigwa chapa mwaka 1967. Una beti elfu tatu, kila ubeti mistari minne. Hesabu hii ni yetu: mtu akitunga beti mbili kwa siku, asikose hata siku moja, atazimaliza elfu tatu kwa siku 1,500, yaani miaka minne na zaidi kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni lazima kibaba kiwekwe chini kwanza.

Tuliahidi kusema hasara yetu. Seminarini tuliamshwa na kengele. Tulisali, tulisoma, tuliandika kwa kengele, tukadhani juhudi ile ni yetu. Tulipotoka, kengele ikanyamaza, nasi tukajua ilikuwa ya nani. Katika mtaa wetu palikuwa na mzee aliyejua habari za wafua chuma wa zamani: tanuru ilivyojengwa, miiko yake, nyimbo zake, majina ya mafundi mpaka babu wa babu. Alituita mara tatu tuje na daftari. Tulinunua daftari, tukaandika kichwa cha habari kwa herufi nzuri, na kila juma tukasema: juma lijalo. Kiangazi kikafika, mzee akafa. Tulimwombea pamoja na wengine, tukarudi nyumbani, na daftari lilikuwa na mstari mmoja.

Baada ya maziko ndipo tulipokisoma kitabu hiki, na ndiyo sababu hatuwezi kukicheka kama wale waungwana. Tangu siku ile tuna robo saa moja, jioni, baada ya wanafunzi kuondoka na kabla ya giza kuingia. Maneno 250 hatuyafikii. Yetu ni 80 au 100, na mengine twayafuta kesho yake. Siku tukikosa, twaandika sifuri katika daftari, ili pengo litutazame. Mjane wa yule mzee anakumbuka nyimbo mbili za tanuru na majina kadhaa. Tumekwisha kuyaandika. Mengine yamekwenda naye.

Ewe mwenzetu uliye na mzee wa namna hiyo mtaani mwako, usingoje juma lijalo. Nenda leo na daftari, kaa naye robo saa, na kesho urudi.