Siku nane kutoka Rhotia hadi Sioux City

Ukitoka kwetu Endamarariek kwenda Arusha utapita Karatu mjini, kisha Rhotia. Hapo, eneo la Marera, asubuhi ya Jumamosi Mei 6, 2017, mvua ikinyesha, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha liliacha barabara na kutumbukia korongoni. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wanakuja Karatu kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walifariki 32, pamoja na walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wamevunjika vibaya.

Sitaurudia msiba wenyewe. Wazazi bado wapo na wanasoma. Ninachochambua ni kazi iliyofuata. Mei 14, siku nane baada ya ajali, watoto wale watatu waliondoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa na mama zao, daktari na muuguzi, kwenda kutibiwa Sioux City katika jimbo la Iowa, Marekani. Agosti 18 walirudi nyumbani. Watu wengi waliuita muujiza, na mwenye imani ana haki ya kuuita hivyo. Lakini mimi nimetumia miaka mingi kuandika maandiko ya kuomba ufadhili, na ninapoitazama safari ile naona pia kazi ya kuchangisha iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, tena ikitumia fedha taslimu kidogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na walioombwa. Shirika la STEMM, lenye makao yake huko huko Sioux City, lilikuwa likifanya kazi Arusha tangu miaka ya 1990: kusomesha watoto, kuleta madaktari. Watu wake wa kujitolea walikuwa safarini siku ile na walifika korongoni wakati majeruhi bado wanatolewa. Mwanzilishi wake, Dk. Steve Meyer, ni daktari wa upasuaji wa mifupa. Lazaro Nyalandu, wakati huo mbunge wa Singida Kaskazini, alisoma Iowa na alikuwa na STEMM tangu mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mfadhili yeyote huuliza, yaani "ninyi ni nani na nitawaaminije?", lilikuwa limejibiwa miaka 20 kabla ya basi kuanguka. Ukitaka kuelewa zile siku nane, zihesabu pamoja na miaka hiyo 20.

Kisha tazama kila mmoja aliombwa nini. Hospitali ya Mercy ya Sioux City iliombwa vitanda na vyumba vya upasuaji, ikakubali kuwatibu bila malipo. Madaktari waliombwa mikono yao. Shirika la Samaritan's Purse liliombwa ndege. Lilikuwa nayo, DC-8 ya kubeba mizigo na abiria kwa pamoja, ambayo mwaka uliotangulia ilipeleka hospitali ya mahema Ecuador baada ya tetemeko la Aprili 2016. Ubalozi wa Marekani uliombwa viza, serikali yetu hati za kusafiria na idhini ya madaktari. Hakuna aliyeombwa kitu ambacho hakuwa nacho tayari. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Ukimwomba mwenye ndege fedha za tiketi, umempa sababu ya kuitisha kikao. Ukimwomba ndege iliyopo uwanjani, na ukamwonyesha kwamba daktari anasubiri upande wa pili, anabaki na jambo moja tu la kuamua.

Mpangilio wa maombi nao una uzito wake. Ndege haitoki bila hospitali ya kupokea. Hospitali haipokei bila taarifa ya daktari wa huku inayosema mgonjwa ameumia nini na anaweza kusafiri. Viza haitoki bila barua ya hospitali. Kila karatasi inaishika nyingine mkono, na ikikosekana moja mnyororo wote unasimama. Aliyepata kuhangaikia rufaa ya mgonjwa kutoka zahanati ya kijijini anajua jambo hili kwa mwili wake: unafika kwenye dirisha la tatu, unaambiwa urudi la kwanza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuziendea taasisi kubwa zenye mabilioni. Sababu ni kalenda. Sheria ya kodi ya Marekani huzitaka taasisi binafsi za hisani kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali zao, kwa hiyo fedha zipo. Lakini bodi nyingi hukutana mara chache kwa mwaka, na andiko linaweza kukaa miezi sita kabla ya kusomwa. Kampuni nazo hupanga bajeti ya kusaidia jamii kabla mwaka haujaanza. Ukigonga mlango mwezi Mei unakuta fungu limeshagawanywa. Wakati wa dharura unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo leo. Taasisi na kampuni ni za kazi ndefu: kiungo bandia kinachobadilishwa mtoto anapokua, mazoezi ya viungo ya miaka mitatu, ada ya shule ya mtoto aliyepoteza mwaka hospitalini.

Mashirika ya askari waliojeruhiwa vitani yamelijua hilo zamani, na mlima wetu ni shahidi. Agosti 2010 maveterani watatu wa Marekani walipanda Kilimanjaro: Kirk Bauer aliyepoteza mguu Vietnam, Dan Nevins aliyepoteza yote miwili katika vita vya Iraq, na Neil Duncan aliyepoteza yote miwili Afghanistan. Watu watatu, mguu mzima mmoja. Bauer mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza shirika la michezo ya walemavu lililoandaa safari ile. Kampuni inayofadhili kitu kama hicho inapata tarehe inayojulikana mapema, picha kileleni na jina lake kwenye bendera. Majeruhi anapata fungu la matibabu ambalo litaendelea kuwepo magazeti yakishanyamaza. Sisi tunao mfano wa nyumbani pia. Tangu 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita na TACAIDS hutumia mlima huo huo kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, na wamedumu kwa sababu kampuni zinajua kila mwaka msimu wa kuombwa utafika.

Sasa upande unaoniuma. Wakati mnyororo ule wa Sioux City unashikamana, huku kwetu rambirambi zilimiminika kwa wingi kutoka kwa watu wa kila dini na kila chama. Upendo haukupungua hata kidogo. Kilichokosekana ni utaratibu uliokubaliwa mapema: nani apokee, nani agawe, nani atangaze hesabu, fungu gani liende kwa wafiwa na lipi kwa majeruhi. Yakazuka manung'uniko. Mei 18, siku nne baada ya ndege kuondoka, polisi waliwakamata shuleni hapo Meya wa Jiji la Arusha wa wakati huo, viongozi wa dini, wamiliki wa shule binafsi na waandishi wa habari waliofika kukabidhi rambirambi. Sitaki kuamua hapa nani alikosea. Ninasema kama fundi: mchango usio na kanuni hugeuka ugomvi, na anayeumia kwanza ni yule aliyechangiwa. Mama aliyetoa shilingi 2,000 sokoni ana haki ya kujua ilifika wapi, sawasawa na bodi ya taasisi kubwa.

Endamarariek hatuna DC-8. Tuna vijana wa bodaboda wanaovunjika miguu, na kila mwezi grupu la WhatsApp linafunguliwa, linachangisha, linafungwa. Wiki inayofuata mwingine anaanguka na tunaanza sifuri, tukiwaomba watu wale wale fedha zile zile. Mjomba mwenye kazi mjini hazimi simu kwa uchoyo; amechoka kuombwa usiku wa manane bila kujua cha jana kiliishia wapi.

Ningekaa na kamati ya kata, ningeanza na faili wakati hakuna mgonjwa. Kikundi kisajiliwe halmashauri, kifungue akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mama anayeheshimiwa na VICOBA, maana hao ndio wanaojua kuweka hesabu mbele ya watu. Mihtasari ya vikao iwemo. Ukurasa mmoja ueleze watu wangapi waliumia mwaka jana kwa kumbukumbu za zahanati, na kila mmoja alihitaji nini. Matumizi yabandikwe ofisi ya kijiji kila robo mwaka, hata kama ni shilingi 40,000 tu. Faili hilo likae miaka miwili likijazwa kwa uaminifu kabla ya kuomba kitu kikubwa.

Halafu barua. Karatu ina hoteli za watalii, mashamba ya kahawa na kampuni za safari ambazo magari yake hupita kwenda Ngorongoro kila siku. Wengi huwaandikia "tunaomba mchango wowote", na barua hiyo haijibiwi kwa sababu haina swali ndani yake. Ningeandika barua moja kwa mlango mmoja. Kwa mwenye magari: viti viwili kila Jumanne, mgonjwa na anayemsindikiza, kwenda Arusha kwenye mazoezi ya viungo. Kwa mwenye hoteli: mashuka na magodoro anayobadilisha mwisho wa msimu. Kwa benki: fungu la magongo na viti vya magurudumu kwenye bajeti ya mwaka ujao, na barua hii iende Septemba, kabla hawajaketi kupanga. Kila barua iwe na nakala ya hesabu za robo mwaka iliyopita na namba ya simu ya mtu mmoja atakayepokea, hata akiwa shambani anavuna mbaazi.