Uongozi wa Wanawake na Lugha ya Kuusimulia: Bibi Titi Mohamed na Rebeka Kalindile wa Rungwe

Habari za wanawake walioongoza wenzao katika siasa ya Tanganyika huwafikia wasomaji kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu za chama na serikali, yaani vyeo, kura na hukumu. Ya pili ni masimulizi ya wanawake wenyewe, yaliyotoka vinywani mwao na kuandikwa na wataalamu. Masimulizi mawili ya namna hii ya pili yafaa kupimwa pamoja. Moja ni la Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, lililomo katika kitabu cha Susan Geiger, TANU Women (1997). La pili ni la Rebeka Kalindile wa wilaya ya Rungwe, lililotolewa mwaka 1991 katika mkusanyo uitwao The Unsung Heroines, kwa majina ya Kalindile mwenyewe na Marjorie Mbilinyi. La kwanza lajulikana sana. La pili halijasomwa inavyostahili, nalo ndilo lidhihirishalo upungufu wa la kwanza.

Bibi Titi alizaliwa mwaka 1926, akawa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kabla ya kuingia TANU. Mwaka 1955 alishika uongozi wa sehemu ya wanawake wa chama hicho, na mwaka 1962 akawa kiongozi wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1965. Akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, na kuachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Akipimwa kwa vyeo tu, maisha hayo yaonekana kama mlima uliopandwa upesi na kuteremkwa upesi zaidi. Geiger amekataa kipimo hicho, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu chake. Ameonyesha kwamba uzalendo haukuletwa na wasomi wachache peke yao, bali vyama vya ngoma na mitandao ya wanawake wa mjini, wenye Kiswahili kwa lugha ya wote, vilikuwa vimekwisha kuwazoeza watu kukusanyika bila kuulizana kabila.

Hata hivyo hoja hiyo, ambayo yatosha kwa pwani, haitoshi po pote. Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe, ni mji wa milimani, katika nchi ya migomba, kahawa na chai. Lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa, na misheni ya Wamoravian ilianza huko mwaka 1891. Mwanamke wa huko hakuianza siasa katika ngoma ya mjini. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1977 For Men and Elders, na jina hilo pekee, lenye kutaja wanaume na wazee, laeleza mamlaka yalikuwa mikononi mwa nani. Mbilinyi naye, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya wake waliowatoroka waume zao Rungwe wakati wa ukoloni, aonyesha jinsi wazee, machifu na serikali walivyoshirikiana kuwazuia wanawake, huku wanaume wengi wakienda mbali kutafuta mshahara. Kwa mke wa namna hiyo, kuondoka nyumbani kulikuwa tendo la siasa, ingawa hakuna kadi ya chama iliyoandikwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo simulizi la Kalindile lipatapo uzito wake. Lamweka msomaji mahali ambapo uongozi haukuanzia jukwaani, bali katika ndoa, shamba na kanisa. Lakini lina dosari moja, ambayo ni dosari ya masimulizi yote mawili: yalitolewa kwanza kwa Kiingereza. Ubaya wake waonekana katika jina la makala nyingine ya Mbilinyi juu ya Kalindile, ya mwaka 1989, lisemalo I'd Have Been a Man. Mtu akilitafsiri kwa Kiswahili atapata “ningalikuwa mwanamume”. Sasa Kiswahili hutia -ngali- katika sharti na katika tokeo pia. Maneno hayo yaweza kuwa mwanzo wa kauli, “ningalikuwa mwanamume, ningalifanya kadha wa kadha”; tena yaweza kuwa mwisho wake, “ningalipata kadha wa kadha, ningalikuwa mwanamume”. Katika kauli ya kwanza uanaume ni mlango wa mamlaka. Katika ya pili ni jina tu la mamlaka yenyewe, kama vile mtu aambiwavyo ajikaze kiume. Kiingereza kimekwisha kumchagulia msomaji maana ya pili.

Tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo tofauti baina ya mwanamke atamaniye nafasi ya mwanamume na mwanamke ajuaye kwamba nafasi hiyo imepewa jina lisilo haki yake. Basi yafaa watungao maisha ya viongozi wa namna hii waweke maneno yaliyotamkwa mbele, katika lugha yo yote yaliyotamkwa, na tafsiri ifuate nyuma. Kuyarudisha kutoka Kiingereza ni kusikiliza mwangwi. Bibi Titi aliwavuta watu kwa ufasaha wa ulimi wake; haifai ulimi huo usikike kwa wajukuu wake kama sauti ya mgeni.