Mapazia ya Gari la Rouen

Waandishi wengi hodari hukwama kwenye tukio la faragha. Mtu anaweza kuandika vita, msiba, hata kesi ya mauaji, ukasoma huku umeshika roho mkononi. Akifika chumbani kwa watu wawili wanaopendana, kalamu inamteleza. Ama anapaa mawinguni, ama anaanza kutaja viungo kama anayeandika cheti cha hospitali. Uingereza, jarida la Literary Review lilianzisha tuzo mwaka 1993 ya kuzikejeli kurasa za namna hiyo. Mwaka 2007 tuzo ikamwangukia Norman Mailer, aliyekuwa amefariki wiki chache tu kabla, naye alikwisha kushinda Pulitzer mara mbili. Kumbe hata wakubwa huchemsha.

Kwa hiyo ninapotaka kuona kazi hii ikifanywa sawasawa, humrudia Gustave Flaubert, katika sura ya kwanza ya sehemu ya tatu ya riwaya yake ya Madame Bovary.

Emma, mke wa tabibu wa kijijini, yuko mjini Rouen. Léon, karani kijana waliyependana zamani kimyakimya, anamsubiri ndani ya kanisa kuu. Emma amekuja na barua ndefu aliyoiandika usiku, ya kumwambia kwamba mambo yao hayawezekani. Ila mlinzi wa kanisa amewaganda kama kupe, anataka kuwaonyesha makaburi na sanamu zote, na Léon anakaribia kupasuka. Hatimaye wanachomoka, kijana anaagiza gari la farasi. Emma anasita, anaona haifai. Léon anamjibu kwamba mbona Paris watu hufanya. Jibu hilo linatosha. Mwanamke aliyekwishakichoka kijiji chake anapanda.

Kuanzia hapo Flaubert hatuingizi ndani ya gari. Anatuacha nje, pamoja na mwendeshaji.

Gari linaondoka, mapazia yameshushwa. Linapita mtaa huu, linakata ule, linavuka daraja, linatoka nje ya mji, linarudi. Kila likisimama, sauti kutoka ndani inafoka kwamba liendelee. Majina ya mitaa yanapangwa moja baada ya jingine, bila pumzi. Farasi wanatota jasho. Mwendeshaji ana kiu, amechoka, nusura alie. Haelewi watu hawa wana wazimu gani hata hawataki kushuka. Wenyeji wanatoa macho, maana mji wa mkoani haujazoea kuona gari limefungwa mapazia likizunguka mchana kutwa. Mara moja tu, katikati ya mchana, mkono mtupu unachungulia chini ya pazia na kutupa vipande vya karatasi, vinavyopeperuka na upepo. Kama saa kumi na mbili jioni gari linasimama uchochoroni, mwanamke anashuka, shela imefunika uso, anakwenda zake bila kugeuka.

Basi. Hakuna busu, hakuna kifua, hakuna shuka. Lakini hakuna msomaji mtu mzima asiyejua kilichotokea.

Tuitazame kazi yenyewe. Kwanza, msimulizi amechagua pa kusimama, na mahali hapo ndipo pabaya kuliko pote kwa mtu mbea: kwenye kiti cha mwendeshaji, mgongo kwa wapenzi, macho barabarani. Kwa kuwa haoni ya ndani, anasimulia anachokiona, yaani mitaa. Ile orodha ya mitaa, inayoonekana kama kazi ya mpimaji ramani, ndiyo inayotupa muda. Tunajua raha ya ndani ni kubwa kiasi gani kwa kuhesabu ni mara ngapi mji umezungukwa.

Pili, Flaubert ameruhusu kichekesho. Mapenzi yakitazamwa na asiyehusika huwa na ujinga fulani, na mwandishi anayeogopa ujinga huo huishia kuandika kwa sauti ya hotuba. Kiu ya mwendeshaji inawarudisha wapenzi duniani, kwenye farasi waliolowa jasho na nauli inayopanda.

Tatu, na hapa ndipo penye ustadi wenyewe, ni vile vipande vya karatasi. Ni ile barua. Emma aliingia na neno la kukataa mkononi, na mkono uleule umelichana. Ondoa mzunguko huu wa gari na riwaya inabaki na shimo, kwa sababu humo ndani mtu amevuka mpaka ambao hatarudi tena upande wa pili. Sehemu moja tu ya mwili wake imeonyeshwa, nayo ni ile inayotenda.

Jarida la Revue de Paris, lililokuwa likiichapa riwaya hiyo kwa mfululizo, lililiondoa tukio hili katika toleo la Desemba 1856. Tahadhari haikusaidia, Januari 1857 Flaubert na wenzake walipandishwa kizimbani kwa kukosea maadili ya umma, na tarehe 7 Februari wakaachiwa huru. Fikiria wahariri wanaokata ukurasa usio na hata busu moja! Waliogopa yale waliyoyajaza wao wenyewe vichwani, na mwandishi gani hatamani msomaji wa kumjazia hivyo?

Kwa msomaji wa pwani yetu habari hii ya kusema kwa fumbo si ngeni. Taarabu imeimba unyumba miaka nenda rudi, harusini, mbele ya mashangazi na wakwe, na kila mtu akacheka au akainamisha uso kwa kadiri ya alivyoelewa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Lakini fumbo nalo huchakaa. Jahazi limetia nanga mara nyingi mno, asali imerambwa hadi chupa imekauka, na taa imezimwa katika riwaya zetu kila mwandishi alipoishiwa la kusema. Flaubert naye alishusha pazia, ila alibaki kazini akiandika kila kona ya mji. Anayezima taa na kurukia asubuhi amekimbia tu.

Tujaribu mfano, wa kubuni. Idrisa, fundi seremala, ameiweka rehani cherehani ya mkewe bila kumwambia. Hawasemezani. Rasimu ya haraka ya usiku wa kupatana kwao itasema hivi: «Walitazamana kwa macho yaliyojaa mahaba, wakakumbatiana, wakaelea katika bahari ya raha.» Sarufi haina kosa. Lakini wabadilishe majina, na sentensi hiyo itawatosha majirani zao wote. Na cherehani imeishia wapi?

Tuandike upya.

«Mwanaidi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifumua nywele. Mikono ilikuwa imemchoka, na misuko ya kisogoni bado. Idrisa akasimama nyuma yake. "Nikusaidie?" Hakujibiwa, ila mikono ya Mwanaidi ilishuka mapajani. Idrisa akashika msuko mmoja, akauvuta. "Taratibu. Hiyo si mbao." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumatatu. Wa pili akaufumua polepole, na wa tatu. Ilipokwisha yote, vidole vyake vikabaki shingoni mwa mkewe, havijui viende wapi. "Nitaikomboa," akasema. Mwanaidi akaegemea nyuma, kichwa kikatua kifuani pake.»

Mtu ambaye hakuuliza alipobeba cherehani, sasa ameuliza kabla ya kugusa. Mwanamke amekubali kwa kushusha mikono, na mzaha wake kuhusu mbao umembeba mume yule yule tunayemjua, mwenye vidole vya karakana. Deni halijalipwa, lakini limetajwa. Mwandishi akitaka kuendelea hadi alfajiri, aendelee. Akitaka kuishia hapo, aishie. Msomaji ameshaona walichopeana.

Kwa hiyo wewe unayeandika, kabla hujawaingiza wahusika wako chumbani, andika pembeni kila mmoja anataka nini na anaogopa nini. Wakitoka, angalia nini kimebadilika. Kama kipo, andika kwa uwazi au kwa fumbo upendavyo, msomaji atakufuata. Kama hakipo, futa ukurasa mzima, hakuna atakayekudai.