Neno "Picha" na Udhaifu wa Mafaili ya Tiba: Mtazamo kutoka Mwambao wa Rumonge

Katika Kiswahili cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama kwingineko, kitokacho kwenye mashine ya eksirei huitwa "picha". Neno hilo lilitosha enzi ya filamu, mgonjwa alipobeba bahasha na daktari akaiinua kwenye mwanga. Leo linapotosha, na sera itakayoandikwa kwa neno hilo itapotoka nalo.

Faili la DICOM, kiwango kilichopata jina hilo mwaka 1993, si picha pekee. Ndani yake mna jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa, mara nyingi bila kusimbwa. Mbele ya vyote zimetengwa baiti 128 ambazo kiwango hakikuzidai umbo lolote. Ndipo hufuata herufi DICM. Nafasi hiyo iliachwa ili programu nyingine za picha nazo ziweze kulisoma faili. Hisani hiyo ndiyo ufa. Mwaka 2019 mtafiti Markel Picado Ortiz alionyesha kuwa faili moja laweza kuwa programu hasidi ya Windows na papo hapo likafunguka kama picha halali ya tiba. Kiwango chenyewe huiita nafasi hiyo "utangulizi". Mfasiri akiliacha neno hilo bila maelezo, msomaji atadhani ni maneno ya ufunguzi tu. "Nafasi huru" ingekuwa tafsiri aminifu zaidi, ijapokuwa haina mvuto.

Mgonjwa wa Rumonge anapopewa rufaa ya kwenda Bujumbura, faili lake laweza kusafiri kwa diski. Swali la mapokezi huwa "picha ipo?", wala si "faili limekaguliwa?". Wauza mawese wa mji huohuo hawachanganyi dumu na mafuta yaliyomo.

Sheria za Kenya na Uganda za mwaka 2019, na ya Tanzania ya 2022, zimejenga msamiati wake juu ya "taarifa binafsi". Lakini programu iliyofichwa ndani ya faili kupitia baiti hizo 128 si taarifa ya mtu yeyote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kuanza na istilahi mbili: "faili la picha-tiba" kwa kitu kizima, na "picha" kwa kile tu kinachoonekana kwenye kioo. Hapo mwongozo wa hospitali ungeweza kuagiza bila utata kwamba nafasi huru ya kila faili ikaguliwe kabla picha haijafunguliwa.