"Kwetu" kama Hoja: Jina la Diwani ya Mohammed Khelef Ghassani

Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba aliyefanya kazi ya utangazaji katika Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle mjini Bonn, alipata kujulikana zaidi mwaka 2015, pale N'na Kwetu ilipopata Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika kwa upande wa ushairi. Lakini tuzo humtambulisha mshairi tu. Kumfafanua ni kazi ya mhakiki, na kazi hiyo yaweza kuanzia kwenye jina lenyewe la diwani.

Huenda msomaji akadhani kuwa "nina" imefupishwa kuwa "n'na" kwa ajili ya mizani. La hasha. Katika arudhi ya Kiswahili, "n" hiyo huhesabiwa silabi kamili. "Nina kwetu" na "n'na kwetu" yote yana mizani minne. Maadamu hakuna mizani iliyookolewa, sababu ya uteuzi huo ni matamshi ya visiwani. Kabla nafsineni hajasema kwao ni wapi, ulimi umekwisha kumtaja.

Isitoshe, kiima ni cha umoja ilhali kimilikishi ni cha wingi. Msemaji hadai "kwangu", yaani nyumba awezayo kuijenga popote, hata Bonn. Adai "kwetu", mahali ambapo hawezi kupamiliki peke yake.

Kijina cha diwani, Sauti ya Mgeni Ugenini, chakumbusha Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, mashairi ya Kimvita yaliyotungwa gerezani nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Wote wawili wameshikilia lahaja zao, ila hali zao zahitilafiana: Abdilatif alifungwa ndani ya nchi yake, Ghassani anena akiwa huru, lakini mbali na kwao. Hapa ndipo penye mtihani. Aliye mbali hana jirani wa kumkosoa, na kwao anakokukumbuka kwaweza kuganda kama picha ukutani.

Kwa hiyo, diwani zake zote hazina budi kupimwa kwa neno alilolichagua mwenyewe: je, "sisi" waliomo ndani ya "kwetu" wanapewa nafasi ya kumjibu? Wakipewa, dai lake lina mashiko. Wakinyamazishwa, "kwetu" itakuwa imegeuka "kwangu".