Ötzi Alivyojipanga: Mzigo wa Mpiga Upinde wa Milimani

Madukani shanta huuzwa kwa lita: 40, 65, 80. Kwa mwindaji wa upinde anayelala porini, lita ni swali la mwisho. La kwanza ni fremu itabeba nini na itaukalisha wapi mzigo. La pili ni vitu gani havitakiwi kuingia kabisa ndani ya begi. Sijui kielelezo kinachoyajibu maswali hayo vizuri kuliko vifaa vya Ötzi.

Tarehe 19 Septemba 1991, Erika na Helmut Simon, wapanda milima kutoka Ujerumani, waliona maiti ikichomoza kwenye barafu iliyokuwa ikiyeyuka, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Austria na Italia. Mtu yule, ambaye ndiye Ötzi, alikuwa amekaa humo zaidi ya miaka 5,000. Waliokufa zamani tunawajua zaidi kwa makaburi yao, yaani kwa vitu ambavyo wengine waliwachagulia. Huyu, kwa maoni ya wataalamu wengi, alikufa safarini, akiwa na alivyovifunga mwenyewe.

Tuanze na mgongo. Ufito wa mheizeli wenye urefu wa mita mbili hivi ulipindwa ukawa kama herufi U, na vibao vya mlarisi vya sentimita 38 hadi 40 vilikuwa vya kuunganisha miguu yake miwili. Wapo wanaoshuku kwamba hiyo ilikuwa fremu ya kubebea mzigo, lakini ndiyo tafsiri iliyokubalika zaidi, na anayejua kazi ya kubeba haoni ajabu. Fremu ngumu hushika mzigo karibu na uti wa mgongo na kuuzuia usining'inie nyuma. Mzigo ukining'inia, mtu huinama mbele kuusawazisha, na mteremkoni magoti ndiyo hulipa.

Kwenye mabaki ya fremu ile hakuna mkanda wa nyonga. Hapo ndipo mafundi wa karne ya 20 walipopiga hatua ya kweli. Dick Kelty wa California, aliyeanza kuuza shanta zake mwaka 1952, aliunganisha fremu nyepesi ya alumini na mkanda wa kiunoni, uzito ukahama mabegani ukashukia kwenye nyonga. Wanaowinda elki kwa upinde huko Montana na Colorado wanaishi kwa kanuni hiyo. Dume lililokomaa hupita kilo 300, na nyama yake ikishatolewa mifupa yaweza kukaribia kilo 100. Msimu wa upinde huangukia Septemba, jua likiwa bado lina nguvu, kwa hiyo nyama haingoji. Ndiyo maana shanta nzuri za kazi hiyo huachanisha begi na fremu: nyama hufungwa katikati, ikigusana na fremu, na begi lenye hema na nguo hubaki nje yake. Anayeijaribu shanta dukani ikiwa tupu anajaribu safari ya kwenda. Itakayomtesa ni ya kurudi, kwa hiyo aombe kilo 30 za kitu chochote atembee nazo.

Sasa kiunoni. Mkanda wa Ötzi ulikuwa na kijaluba cha ngozi chenye vifaa vidogo vya gumegume, sindano ya mfupa na uyoga wa kushikia moto. Kisu kilikuwa kwenye ala yake ya nyuzi za gome la mti. Makaa aliyabeba ndani ya kopo la gome la mbetula, yamefungiwa majani mabichi ya mti wa mepo. Kila ambacho mkono ungekihitaji ghafla, au baridi ikianza kuuma, kilifikiwa bila kuutua mzigo. Mwindaji wa leo anayezika kisu na kiberiti chini ya nguo za kulalia amerudi nyuma kuliko mtu wa Enzi ya Shaba.

Podo ndilo lililonivutia zaidi. Lilikuwa la ngozi, limeimarishwa kwa fimbo ya mheizeli ubavuni, na ndani mlikuwa na mishale 14. Ni 2 tu iliyokuwa na ncha na manyoya, nayo ilikuwa imevunjika. Mingine 12 ilikuwa vijiti vilivyochongwa nusunusu. Humo pia mlikuwa na ncha za pembe na kano za mnyama. Hakubeba akiba ya mishale iliyokamilika bali karakana ya kuitengeneza, na kwa safari ndefu huo ni uamuzi wa busara: kano ileile hufunga ncha, hushona kiatu, hukaza fremu iliyolegea. Leo karakana hiyo imebanwa ikawa kamba ya akiba, nta na funguo ndogo za kukazia skrubu za upinde wa kapi.

Ila busara hiyo ina sharti: silaha moja lazima iwe tayari muda wote. Upinde wa Ötzi, wa mti wa yuu na wenye urefu wa mita 1.82, ulikuwa bado na alama za shoka na haukuwa umefungwa kamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa na jeraha la siku chache, na kazi ya kuchonga haiendi kwa mkono wa namna hiyo. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha ncha ya mshale wa gumegume ndani ya bega lake la kushoto, iliyoingia kwa nyuma. Aliyemlenga alikuwa na upinde uliokamilika.