Dharau Baada ya Utumwa: Mtu, Kaniki na Akili katika Wasifu wa Siti binti Saad

Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1958, umezoeleka kusomwa kama kisa cha mafanikio. Msichana wa shamba, mfinyanzi asiye na elimu ya kuandika wala ukoo wa kutajika, anaingia mjini Unguja, anajifunza kuimba, na mwisho sauti yake inafika Bombay na kurudi ikiwa katika sahani za santuri. Katika usomaji huo, wimbo wa kejeli uliotungwa dhidi yake hupewa nafasi ndogo. Huonekana kuwa kikwazo kimoja njiani, hila ya mahasidi, na wanafunzi hukariri jibu lake wakaisahau kejeli yenyewe. Makala haya yanairudia kejeli hiyo. Yanauliza dharau iliyomo ndani yake ilitoka wapi, na ina uhusiano gani na ubaguzi ambao sheria ilikuwa imeshaufuta, angalau kwenye karatasi, zaidi ya miaka kumi kabla ya Siti kuhamia mjini.

Jibu tulilozoea ni kwamba ubaguzi huzaliwa na dharau, na dharau huzaliwa na ujinga au wivu. Watu hawamjui mtu, wanamdhania vibaya, kisha wanamtenga. Mpangilio huu una mvuto wa kimaadili, kwa sababu dawa yake ni rahisi: elimisha moyo, na mkono utafuata. Hata hivyo, maneno yenyewe yanatutahadharisha. Kubagua ni tendo. Ni kuweka hiki huku na kile kule, na kabla ya kutumika kwa watu kitenzi hiki kilitosha kabisa kwa nazi na nafaka. Kudharau ni hali ya moyo. Hakuna kanuni inayotulazimisha kuamini kwamba hali ya moyo hutangulia tendo. Dai la makala haya ni kwamba katika kisa cha Siti mambo yalikwenda kinyume: mpango wa kuwatenga watu ulitangulia, ukawafaidi waliouweka, na ulipoondolewa sheria yake, dharau ikabaki kufanya kazi ambayo sheria haikuweza tena kuifanya.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa bara waliofika Unguja kwa njia ya utumwa. Alikuwa na umri wa ujana pale Sultani Hamoud bin Muhammed alipotoa amri ya Aprili 1897 ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri ile haikumwachia mtu huru siku moja. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana wake alilipwa fidia, na masuria walibaki nje ya amri hadi 1909. Jambo lenye maana kubwa zaidi kwa uhakiki huu ni sharti lililofungamanishwa na uhuru huo: aliyeachwa huru alitakiwa kuonesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Maana yake ni kwamba sheria ilimwuliza mtu mnyonge kuliko wote anaishi wapi na anakula nini, na haikuwauliza hivyo waliokuwa wakila jasho lake.

Tuusome sasa wimbo wa kejeli. Kwa maneno ya nathari, wimbo unahoji tangu lini Siti naye amekuwa mtu. Unakumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki. Kisha unadai kwamba asingekuwa na sauti, asingekuwa na cha kutia mdomoni. Wahakiki wengi hupitia hoja hizi kama matusi matatu yasiyo na mpangilio. Mimi naona mpangilio ulio kamili. Hoja ya kwanza ni ya hadhi, ya pili ni ya alama ya hadhi, na ya tatu ni ya riziki. Ni yaleyale yaliyokuwa yakiulizwa mbele ya hakimu. Mtunzi wa kejeli hakuhitaji kuwa na chuki ya pekee wala ubunifu mkubwa. Aliyachukua maswali ya dola akayatia vina.

Neno mtu katika hoja ya kwanza linahitaji kutuliwa kidogo. Katika Kiswahili cha kila siku, kuwa mtu ni kuwa na uzito mbele ya wengine. Lakini katika jamii ambayo mtumwa alitambulishwa kwa jina la bwana wake, kuwa mtu kulikuwa pia na maana ya kisheria: kuwa na nafsi inayoweza kumiliki, kushitaki, kuoa bila idhini ya bwana. Swali la tangu lini lina jibu la kalenda, na kila msikilizaji wa Unguja alilijua. Tangu 1897. Kejeli inachoma kwa sababu inajifanya kuuliza jambo ambalo tarehe yake imo katika kumbukumbu za mahakama.

Kaniki nayo haikuwa umaskini tu. Ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya kiza, vazi la watumwa wanawake, na desturi iliwanyima watumwa kufunika kichwa na kuvaa viatu mbele ya waungwana. Baada ya amri, wanawake wengi wa Ng'ambo waliiacha kaniki wakashika kanga, na baadaye buibui, vazi lililokuwa likiwatambulisha wanawake wa tabaka la juu. Ikawa vigumu kumjua mtu kwa kumtazama. Hapo ndipo kumbukumbu ya kaniki ilipopata thamani mpya. Alama ilipotoweka mwilini, ilihamia katika wimbo. Kama dharau ingekuwa zao la kutojuana, tungetarajia ipungue kadiri watu walivyozidi kuishi mtaa mmoja, kuvaa nguo moja na kusali msikiti mmoja. Badala yake tunaona ikichongwa upya.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Ikiwa dharau hulinda faida, kwa nini iliimbwa hata na watu wasio na cha kulinda? Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe, haikuwa mahali pa mamwinyi. Ilijaa mafundi, wachukuzi, wapishi na watumwa wa jana. Nadhani jibu limo katika pingamizi lenyewe. Aliyepanda ngazi moja ndiye anayehitaji zaidi kuwe na mtu chini yake. Buibui lililovaliwa jana hudai kaniki ya mwingine ikumbukwe leo, maana bila hiyo hakuna anayejua kwamba aliyelivaa amepanda. Faida si lazima iwe shamba la mikarafuu. Inaweza kuwa nafasi ya kutokuwa wa mwisho, na nafasi hiyo huwa ghali hasa kwa maskini.

Jibu la Siti linasema, kwa ufupi, kwamba uzuri wa sura na utukufu wa jadi havina uzito, na kwamba hasara ya kweli ni ya mtu aliyekosa akili. Husifiwa kwa busara yake, na busara ipo. Lakini kuna jambo ambalo sifa hiyo hulifunika. Akili haikuwa neno lisilo na upande. Katika Kiswahili cha karne ya 19, mjinga alikuwa hasa mtumwa aliyewasili karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji. Maana ya leo ya mtu asiye na maarifa imetokana na mazingira hayo. Msamiati wa jirani una historia ya namna hiyo. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru kabla ya kuwa mtu mwenye adabu. Mshenzi alikuwa mtu wa bara kabla ya kuwa mtu asiye na adabu. Na ustaarabu una mzizi unaohusu kufanana na Waarabu. Kwa hiyo waungwana walikuwa wameshajimilikisha akili kama walivyojimilikisha adabu. Binti wa watumwa anapowaambia kwamba wao ndio waliopungukiwa nayo, anawarudishia neno lao wenyewe. Ni jibu kali kuliko nasaha tunazofundisha shuleni.

Pamoja na ukali huo, jibu lina mpaka wake, na ni mpaka wa Wasifu wote. Linaibomoa ngazi ya jadi na kusimamisha ngazi ya akili. Siti anapanda, wafinyanzi wenzake wa Fumba wanabaki walipokuwa. Dharau huvumilia kwa urahisi mtu mmoja wa pekee. Humwambia kwamba yeye si kama wenzake, na kwa kumsifu humtumia kuwalaumu waliobaki. Shaaban Robert, karani wa forodha wa miaka mingi katika serikali iliyopanga hata mishahara kwa rangi, hakuwa mgeni wa ubaguzi, na uamuzi wake wa kumwandikia wasifu mwanamke wa nasaba ya utumwa, akiwa hai katika kumbukumbu za watu waliomcheka, ni tendo la ujasiri ambalo halijathaminiwa ipasavyo. Lakini maadili yake yanamfanya atafute chanzo cha uovu moyoni mwa mtu. Ubora wa Siti unathibitishwa, wenye kejeli wanaaibika, na mpango uliowapa kejeli maneno haukaguliwi.

Mpango huo umekaguliwa mahali pengine, tena na Siti mwenyewe. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mwuaji anatorokea Bara, na wanawake walioitwa kutoa ushahidi ndio wanaoishia kuadhibiwa. Hapa hakuna anayemwita mwenzake mshenzi, wala hakimu haoneshwi kuwa na moyo mbaya. Tunachooneshwa ni mahakama inayofanya kazi kama kawaida, na mzigo unaowaangukia watu ambao neno lao halikuwa na uzito hata kabla hawajafumbua vinywa. Jambo hili liliimbwa kwa Kiswahili, katika sanaa ambayo kwenye kasri na vyama vya Mji Mkongwe ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na santuri za kuanzia 1928 zikawafikia wasikilizaji wa Ng'ambo mwaka uleule walipogoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Mhakiki anayetaka kuonesha uhusiano wa dharau na ubaguzi atafaidi zaidi akiziweka kazi hizi mbili pamoja, Wasifu upande mmoja na Kijiti upande mwingine, kuliko kuuachia Wasifu peke yake usemee maisha ya Siti.

Limebaki jina. Inaelezwa kwamba binti huyu wa Fumba alipozaliwa aliitwa Mtumwa, na kwamba Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Wasomaji huona katika badiliko hilo muhtasari wa maisha yake yote. Ni kweli jina la kwanza lilibadilika. La pili halikuguswa. Katika miaka ambayo watu wengi wa asili kama yake walijitafutia nasaba zenye kukubalika zaidi mjini, yeye aliimba, akarekodi na akafa mwaka 1950 akiwa binti Saad.